Shule Moja Ikijitoa, Mtoto Atabaki kwa Nani?



Muhula uliopita tuliitwa kwenye mkutano wa wazazi hapa Huruma. Shule nne zilikuwa zikichangia darasa moja la watoto wenye ulemavu. Mwalimu analipwa na serikali. Lakini mama wa kuwasaidia watoto kula na kwenda choo, gari la kuwabeba, uji na sabuni, hayo yote ni mchango wa wazazi. Siku hiyo wazazi wa shule moja wakasimama wakasema: "Sisi tunatoka. Tutafungua darasa letu."

Sababu zao zilikuwa za kweli. Watoto wao walikuwa wanafika saa tatu, masomo yameshaanza, tena hesabu ya pesa hawakuwahi kusomewa. Hatukuwalaumu. Lakini baada ya mwezi mmoja, kijana wao wa miaka tisa alikuwa bado yuko nyumbani. Darasa jipya halikuwa na mwalimu, wala choo ambacho kiti chake cha magurudumu kingeingia. Mamake anauza mboga. Siku hizo alikuwa anafunga kibanda mapema aende kumwangalia.

Kwa nini watu waliungana?

Mtoto kiziwi anahitaji mwalimu wa lugha ya ishara. Asiyeona anahitaji maandishi ya nukta. Mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi ya viungo. Shule yenye watoto watano wa namna hii haiwezi kupata wataalamu hao wote peke yake. Ndiyo sababu mwaka 1984 Kenya, kwa msaada wa Denmark, ilianza vituo vya kupima watoto, kila kituo kikitumikia shule nyingi. Mwaka 1986 ikafunguliwa taasisi ya KISE ya kufundisha walimu wa elimu maalum.

Hata Marekani, wilaya ndogo za shule huungana kuajiri wataalamu, na mara nyingine wilaya moja hujitoa. Lakini huko, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1975, wilaya ikiwa ndani ya umoja au nje, wajibu wa kumsomesha mtoto unabaki mabegani mwake.

Tupige hesabu

Tuseme shule nne zina watoto 20, kila moja watoto watano. Msaidizi na gari ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Kila mtoto ni 2,000. Shule moja ikitoka, wanabaki watoto 15, lakini gari ni lile lile na msaidizi ni yule yule. Sasa kila mtoto ni karibu 2,670. Nao waliotoka, wakilipa msaidizi 12,000 na usafiri 10,000, kila mtoto wao ni 4,400. Pande zote mbili zimeumia.

Hatusemi kutoka ni dhambi. Umoja ambao hausomi hesabu unajivunja wenyewe. Tunasema watu watoke kwa utaratibu.

Kabla ya kutoka

1. Vitabu vya hesabu vifunguliwe mbele ya wote. Mara nyingi ugomvi huishia hapo.

2. Notisi iwe ya muhula mzima, na iandikwe katika katiba ya kikundi kabla hamjagombana.

3. Andikeni majina ya watoto, mmoja mmoja. Kando ya kila jina jazeni: nani atamfundisha, nani atambeba, nani atampeleka choo. Pakibaki pengo, siku ya kutoka haijafika.

4. Ripoti ya kituo cha kupima watoto itolewe nakala, imfuate mtoto.

5. Kiti au kifaa anachotumia mtoto kimfuate yeye, hata kama kilinunuliwa kwa mchango wa wote.

6. Wazazi walione darasa jipya kwa macho yao, pamoja na choo chake.

Mjue mlango wa kubisha

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinamtaja mwenye ulemavu, kwamba ana haki ya kupata shule na vifaa vyake. Shule za msingi na elimu maalum ziko chini ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Chekechea ni kazi ya serikali ya kaunti. Nendeni mkiwa wengi, na barua mkononi.

Yule kijana je? Tuliketi tena. Tukakubaliana arudi darasa la zamani, na shule yake imlipie fungu lake mpaka choo kipya kiishe. Mamake anafungua kibanda mpaka jioni.

Maswali ya kujadiliana kikundini

– Katika kikundi chetu, mara ya mwisho kusoma hesabu ilikuwa lini?
– Mwenzetu akitaka kutoka, katiba yetu inasema nini?
– Ni mtoto gani jirani yetu ambaye leo hakwenda shule, na nani atamtembelea wiki hii?