Kuuza Chaja na Simu kwa Njia ya Simu

Mwezi uliopita tulikwenda kutembelea kikundi kimoja cha akina mama waliohitimu kisomo katika tarafa yetu. Kikundi hiki kinafuga kuku, na akiba yao wameitunza vizuri. Sasa wanataka kuanza biashara ya pili. Wamekusudia kununua chaja, taa za sola, pawabenki na simu kutoka mjini. Watazipiga picha na kuzitangaza kwenye makundi ya simu. Mnunuzi atalipa kwa simu, na mzigo utakwenda kwa basi. Umeme umefika katika vijiji vingi vya jirani, na simu ziko karibu kila nyumba. Wateja wapo, hatubishi.

Tulipokuwa tunapiga hesabu ubaoni, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alinyanyuka akaweka kitu juu ya meza. Ilikuwa ni chaja. Ubavu wake mmoja ulikuwa umeyeyuka kama mshumaa. Akasema, "Wanangu, na mimi hii niliinunua kwa kuona picha. Mjukuu wangu alikuwa ameshika simu huku inachaji. Umeme ukamtupa chini. Mkono umepona, lakini mpaka leo hataki kugusa swichi. Muuzaji nikimpigia, simu haipatikani. Haya, niambieni, nyinyi mtakuwa wauzaji wa namna gani?"

Akina mama walinyamaza. Na sisi tulinyamaza kidogo, maana hesabu yetu ubaoni ilikuwa na bei ya kununua, nauli ya basi na faida. Mjukuu wa mzee hakuwamo.

Basi tuanze na neno ambalo wengi hawalijui. Kuuza kwa njia ya simu ni kuuza, sawasawa na kuuza dukani. Watu husema, "Mimi sina duka, natuma picha tu." Sheria haisemi hivyo. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Muamala ni mapatano ya kuuziana au kulipana. Kielektroniki ni kwa njia ya simu, kompyuta na mitandao. Sheria hii inamtaka muuzaji ajitambulishe kwa mnunuzi kabla ya kupokea fedha. Ataje jina lake kamili, mahali anapopatikana na namba ya simu. Aeleze bidhaa ilivyo. Ataje bei yote, pamoja na gharama ya kusafirisha. Na mnunuzi apewe nafasi ya kuangalia alichoagiza na kurekebisha kabla hajakubali.

Tazameni tangazo hili, tumeliona wenyewe: "Chaja kali original, bei poa, njoo inbox." Nani anauza? Yuko wapi? Chaja ya aina gani? Bei poa ni shilingi ngapi? Hakuna. Mzee wetu alinunua kwa tangazo la namna hii hii. Ndiyo maana alipotafuta mtu wa kumdai hakumwona. Jina halikuwapo tangu mwanzo.

Sheria hiyo hiyo inahesabu siku. Kama hamkupatana vingine, muuzaji anatakiwa kutekeleza agizo ndani ya siku 30. Kama bidhaa imekwisha, amwambie mnunuzi na amrudishie fedha yake. Tena mnunuzi akishapokea bidhaa ana siku 7 za kubadili nia. Akiirudisha katika siku hizo anapaswa kurudishiwa fedha, na yeye atalipa gharama ya kuirudisha tu. Mama mwekahazina wa kikundi alishtuka sana kusikia hivyo. "Siku saba! Na kama fedha tumeshanunulia chakula cha kuku?" Hilo ndilo jambo la kupanga mapema. Fedha ya mauzo msiitumie siku ile ile. Iacheni ikae juma moja.

Kuhusu leseni ya biashara na namba ya mlipakodi hatutasema mengi, kwa sababu ofisi ya biashara ya halmashauri na ofisi ya TRA zitawaeleza vizuri kuliko sisi. Ila msidhani kwamba kwa kuwa duka liko ndani ya simu basi kodi haihusiki. Inahusika. Na risiti mtolee kila mnunuzi, hata kama amenunua taa moja.

Sasa turudi kwenye chaja, maana hapa ndipo penye hatari.

Umeme unaotoka ukutani kwetu una nguvu ya volti 230. Umeme huo unaweza kuua mtu. Simu nyingi za kawaida zinataka volti 5 tu. Kazi ya chaja ni kupokea hizo 230 upande mmoja na kutoa 5 upande wa pili. Pande hizi mbili hazitakiwi kugusana hata kidogo. Ndani ya chaja nzuri kuna nafasi ya milimita kadhaa kati ya upande wa ukuta na upande wa simu, na nyaya zake zimefunikwa vizuri. Katika chaja mbovu mtengenezaji amebana matumizi. Nafasi ni nyembamba kama uzi. Joto likizidi au unyevu ukiingia, umeme wa ukutani unaruka mpaka upande wa simu. Aliyeshika simu anakuwa ameshika ukuta. Hivi ndivyo mjukuu wa mzee alivyoweza kutupwa chini, ingawa hakugusa swichi wala waya uliochubuka.

Huwezi kupasua kila chaja uone ndani. Lakini wewe unajua kusoma, basi soma. Juu ya chaja kuna maandishi madogo. Pale palipoandikwa INPUT ni umeme unaoingia. Pawe na 100–240V, au angalau 230V, na 50Hz. Palipoandikwa OUTPUT ni umeme unaotoka, kwa mfano 5V na 2A. Tafuta jina la mtengenezaji. Chaja nyingi za simu huwa pia na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba zimekingwa mara mbili, hivyo hazihitaji waya wa ardhini. Maandishi yakiwa hayapo, au yamekosewa herufi, au yanafutika kwa kidole, iache. Ukiona maandishi yapo, usidhani tayari umepona, kwani hata mwongo anajua kuchapa. Ishike mkononi. Chaja nyepesi kama ganda la yai haina vitu vyake ndani. Ichomeke uone kama inakaa imara. Iache ichaji simu kwa nusu saa ukiwa karibu. Vuguvugu si kitu, lakini ikiwa ya moto hata huwezi kuishika, usiiuze.

Hapa tuseme kidogo juu ya mtindo mmoja mbaya ambao tumeuona hata kwa walimu wenzetu. Soketi zetu zina matundu matatu. Tundu la juu ni la waya wa ardhini, na pini yake ndefu ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Vifuniko hivyo vimewekwa ili mtoto asiingize msumari. Sasa mtu ananunua chaja yenye pini mbili za nchi nyingine, haiingii. Anachukua kalamu, anasukuma tundu la juu, vifuniko vinafunguka, anashindilia chaja yake. Jamani! Chaja hiyo hulegea, hutoa cheche, na soketi huungua. Muuzaji auze chaja yenye pini za soketi zetu. Kumwambia mnunuzi "utatumia kalamu" si huduma.

Anayesimamia ubora wa bidhaa nchini ni Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, na sasa linafanya kazi kwa Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Tangu mwaka 2012 kuna utaratibu wa kukagua bidhaa nyingi kabla hazijapakiwa melini kuja kwetu. Aliyeziagiza hupewa cheti kinachoonyesha kwamba zimefikia viwango. Nyinyi hamtaagiza kutoka ng'ambo, mtanunua kwa mfanyabiashara wa mjini. Mwombeni nakala ya cheti hicho, pamoja na risiti yenye jina la duka. Akikasirika, nendeni duka la pili. Msidanganyike na herufi CE zilizo juu ya chaja nyingi. Hiyo ni alama ya soko la Ulaya, na mara nyingi mtengenezaji huiweka mwenyewe. Siyo alama ya TBS.

Simu zina mlinzi wake mwingine, nayo ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, kama namba ya injini ya gari. Bonyeza *#06# itatokea kwenye kioo. Simu ya laini mbili itaonyesha namba mbili. Zilinganisheni na zile zilizoandikwa kwenye boksi. Zikitofautiana, kuna jambo. Wengi wenu mnakumbuka mwezi Juni mwaka 2016. Usiku wa tarehe 16 TCRA ilizima simu bandia nchini kote. Watu waliamka asubuhi na simu isiyopiga wala kupokea. Aliyeiuza alikuwa ameshakula fedha. Kwa hiyo muuzaji aandike namba hiyo kwenye risiti ya kila simu. Simu ikiletwa ina matatizo, mtajua kama ndiyo mliyouza au imebadilishwa njiani. TCRA pia hutoa leseni kwa wanaoingiza, kusambaza na kuuza vifaa vya mawasiliano. Kabla ya kutangaza simu hata moja, kikundi kiulize ofisi ya kanda kinahitaji nini. Taa za sola na chaja mnaweza kuanza nazo wakati mnasubiri jibu la simu.

Pawabenki zinataka hesabu. Ndani yake mna betri za lithiamu. Tuseme imeandikwa 10,000mAh, na betri ni ya volti 3.7. Gawanya 10,000 kwa 1,000 upate 10, kisha zidisha kwa 3.7. Jibu ni 37, nazo huitwa wati-saa. Huo ndio wingi wa nguvu iliyofungiwa mle ndani. Sasa mtu analeta pawabenki ya kuenea kiganjani imeandikwa 50,000. Betri moja nzuri ya duara, iliyozidi kidogo ile ndogo ya redio, huchukua kama 3,500 tu. Ili kufika 50,000 zingehitajika karibu 15. Zingekaa wapi? Ukitangaza 50,000 nawe hujahakikisha, umemdanganya mnunuzi, hata kama uongo uliukuta kwenye boksi. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa inataka kitu kilingane na maelezo yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Bidhaa bandia nazo hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, na wenye mali hukamatiwa mzigo.

Betri ya lithiamu ikitobolewa, ikipondwa au ikipata joto kali inaweza kushika moto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Ndiyo maana abiria wa ndege hukatazwa kuweka pawabenki kwenye mizigo inayokwenda chini. Kwenye basi letu hakuna wa kukukataza, lakini moto ni ule ule. Msifunge pawabenki pamoja na misumari, funguo au majembe. Kila moja ikae ndani ya boksi lake. Mwambieni kondakta kilichomo, asiuweke mzigo juu ya keria kwenye jua wala karibu na injini. Betri iliyovimba haiuzwi, haichajiwi, haipasuliwi kwa kisu. Itengwe nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto na mbali na watoto, hadi mpate mahali pa kuikabidhi.

Tulirudi kwenye kikundi baada ya majuma mawili. Katibu alikuwa ameandika tangazo lao kwenye daftari kwanza, kabla ya kulitia kwenye simu. Lilikuwa na jina la kikundi na la kijiji, jina la mwenyekiti na namba mbili za simu. Chini yake: "Chaja ya volti 5, ampea 2, pini tatu. Tumeijaribu. Bei na nauli ya basi viko hapa chini, hakuna nyongeza. Ikikushinda irudishe ndani ya siku 7." Pawabenki wameziondoa kwanza. Chaja walinunua 20, wakazijaribu zote darasani, 3 zikawa za moto wakazirudisha mjini siku ya pili yake. Mwenye duka alinung'unika, lakini risiti ilikuwa na jina lake, akabadilisha.

Mzee alikuwa mlangoni pale pale. Alinunua chaja ya kwanza. Alivaa miwani, akasoma maandishi yake yote kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka akina mama wakaanza kucheka. Kisha akaomba risiti.