Mashine ya leza ikiunganishwa na Wi-Fi, nani abaki kuilinda?

Ni saa mbili usiku. Chakula kimeiva, watoto wanamalizia kazi za shule, na baba amekaa sebuleni na laptopu magotini. Kwenye chumba cha uani, mashine ndogo ya leza inachonga jina la bibi harusi juu ya kibao cha mbao. Baba hajaigusa. Ametuma mchoro kwa Wi-Fi, amebonyeza kitufe, na sasa anasubiri kukaribishwa mezani. Mama anauliza swali moja tu: "Baba watoto, huko uani umemwacha nani?"

Hali kama hii inaweza kutokea katika nyumba yoyote yenye mashine hizi zinazochonga vishika funguo, vibao vya kukatia mboga na zawadi za harusi. Zinanunuliwa kama burudani, kisha zinaleta wateja. Wateja wakiongezeka, waya wa kuunganisha mashine na kompyuta unakuwa kero, na hapo ndipo wazo la Wi-Fi linapokuja.

Kuunganisha hakuhitaji fundi. Inahitaji subira na mpangilio.

Waya kwanza, Wi-Fi baadaye

Mwenye mashine mpya hufanya vyema kuanza na waya wa USB. Ikitembea na kuchonga vizuri kwa waya, amejua kwamba mashine ni nzima. Wi-Fi ikigoma baadaye, atatafuta tatizo kwenye mtandao.

Mashine nyingi zikiwashwa mara ya kwanza hutoa mtandao wake zenyewe. Simu inajiunga na mtandao huo, kisha kivinjari kinafunguliwa kwa anwani iliyoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, mara nyingi 192.168.4.1 au 192.168.0.1. Hapo ndipo jina la Wi-Fi ya nyumbani na neno la siri vinapojazwa. Wengi hukwama hapa kwa sababu simu ikiona mtandao huo hauna intaneti, inarudi yenyewe kwenye data ya laini. Kuzima data kwa dakika chache humaliza tatizo.

Kikwazo cha pili ni masafa. Mashine nyingi za bei nafuu hutumia kifaa kiitwacho ESP32, kilichotolewa na kampuni ya Espressif ya Shanghai mwaka 2016. Kifaa hicho husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu. Ruta za kisasa hutoa 2.4 na 5, wakati mwingine kwa jina moja, na mashine ikashindwa kujiunga ingawa neno la siri ni sahihi. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuyapa masafa hayo majina mawili tofauti. Faida ni kwamba gigahezi 2.4 hupenya kuta za matofali vizuri kuliko 5. Hata hivyo, banda la mabati huzuia mawimbi yote mawili, hivyo ruta isogezwe karibu.

Baada ya kujiunga, ruta huipa mashine anwani yake. Umeme ukikatika na kurudi, anwani inaweza kubadilika na kompyuta ikasema haioni mashine. Ruta nyingi zina sehemu ya kuitengea mashine anwani moja ya kudumu.

Na habari njema kwa mwenye bajeti: mchoro unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye mashine kupitia ruta hauli bando. Hata bando likiisha, kazi inaendelea, isipokuwa kwa programu za simu zinazolazimisha kupitia seva za mtengenezaji.

Mtandao ukikatika katikati ya kazi

Kazi inayotumwa mstari kwa mstari kwa Wi-Fi hutegemea mtandao tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikatika, kichwa cha mashine husimama. Mashine nyingi zina kinga ya kuzima mwali kichwa kinaposimama, lakini kinga hiyo hutegemea mipangilio iliyowekwa. Mwali ukibaki unawaka sehemu moja, mbao hupata joto mpaka ikashika moto. Ndiyo maana ni salama zaidi kutuma faili lote kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu ya mashine, kisha kuanzisha kazi.

Jambo jingine halionekani kirahisi. Baadhi ya mashine hizi hazidai neno la siri. Yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, awe jirani aliyepewa kwa ukarimu au mtoto anayechezea simu, anaweza kufungua ukurasa wa mashine na kuiwasha. Hivyo kazi ikiisha, mashine izimwe kwenye soketi, na kama ina ufunguo, uchomolewe na kuwekwa mbali na watoto.

Jibu la swali la mama

Leza isiyofunikwa ya wati 5 au 10 iko daraja la 4, la juu kabisa kwa hatari, ambalo huanzia nusu wati tu. Mwali wake, hata ukidunda kwenye chuma kinachong'aa, unaweza kuharibu jicho kabla mtu hajapepesa. Miwani ya jua haisaidii. Inahitajika miwani iliyotengenezwa kwa rangi ya mwali husika. Moshi nao utolewe nje, na plastiki ya PVC, pamoja na ngozi bandia zilizotengenezwa nayo, zisichomwe kabisa, kwa kuwa hutoa gesi yenye asidi inayounguza mapafu na kutia kutu mashine yenyewe.

Wi-Fi hupeleka mchoro. Haisikii harufu ya mbao inayoungua, na haiwezi kushika kizimamoto. Kwa hiyo jibu analostahili mama si "mashine inajiendesha". Baba aahirishe kazi mpaka baada ya chakula, kisha avae miwani, aende uani, na akae pale mpaka jina la bibi harusi likamilike.