Kambi za Manamba Nazo ni Turathi

Boma la Wajerumani mjini Tanga limekwisha kukarabatiwa, na leo ni makumbusho. Hatuna kinyongo na jambo hilo. Lakini twauliza: kambi za manamba, zilizotapakaa katika mashamba ya mkonge toka Pangani hadi Korogwe, zitahesabiwa lini kuwa turathi?

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai, na kutokana nayo likazuka zao lililofikia tani 230,000 hivi mwaka 1964. Wakataji walitoka mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwasaka, SILABU. Mtu alipewa namba, na namba ikawa jina lake.

Mwanzoni walilazwa katika vibanda vya udongo na makuti. Baadaye zikajengwa safu za vyumba vilivyoshikana ubavu kwa ubavu chini ya paa moja la mabati, kila kimoja na mlango wake. Azitazamaye kwa makini husoma humo mkataba mzima wa kazi. Chumba ni kimoja kwa sababu aliyetakiwa ni mwanamume peke yake, mwenye nguvu, ambaye mkataba ukiisha atarejea kwao. Kulea watoto wake na kumtunza uzeeni ulikuwa mzigo wa kijiji chake, si wa tajiri. Unyonyaji huo umeandikwa kwa saruji, na ushahidi wa namna hiyo haupatikani katika nyumba ya meneja yenye baraza pana.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kambi zote za mkonge zimejengwa baadaye, kwa hiyo hazina kinga mpaka Waziri atangaze. Wakati huo huo mabati yang'olewa na matofali yachukuliwa.

Wako ndugu zetu ambao bado wanaishi humo. Hatusemi waachwe chini ya mapaa yanayovuja ili wageni wapige picha. Hiyo ingekuwa dhuluma ya pili. Wajengewe nyumba za heshima kwanza. Kisha ichaguliwe safu moja iliyo nzima, ipimwe, ichorwe, na wazee waliokata mkonge waulizwe nani alilala chumba kipi, maadam wangali hai.