Kivu Kusini: Mipira isiyolingana, hatari kwa motokari za 4x4

Kwenye barabara ya Bukavu hadi Kamituga, mvua ikinyesha, motokari isiyovuta kwa magurudumu yote manne hukwama upesi. Kwa hiyo wafanyabiashara na wasafiri hutegemea 4x4. Lakini mawe ya njia hiyohiyo hula mipira, na mipya ni ghali. Mwenye motokari hununua ya okazioni, miwili leo, mingine pesa ikipatikana. Hatari huanzia hapo.

Kipimo huandikwa ubavuni. Mpira wa 235/85 R16 una kimo cha karibu sentimita 81. Wa 265/70 R16 una karibu 78. Yote hufungwa kwenye janti ya inchi 16, na kwa macho inafanana. Lakini kwa kila mzunguko, mkubwa hutangulia kwa sentimita 9. Katika kilometa moja, mdogo hulazimika kuzunguka karibu mara 15 zaidi.

Kwenye Land Cruiser Hardtop, shofere akitia 4x4, mhimili wa mbele na wa nyuma hufungwa pamoja, izunguke kwa mwendo mmoja. Mbele kukiwa na mipira midogo na nyuma mikubwa, pande hizo mbili hushindana. Kwenye matope magurudumu huteleza, na mvutano hupungua. Kwenye lami kavu hayatelezi: mzigo wote huangukia meno ya gia. Usukani huwa mzito, na mkono wa 4x4 hukataa kutoka. Gia zikivunjika porini, abiria hulala njiani na mizigo huharibika.

Kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Mpira uliopoteza sentimita 1 ya meno una mzunguko mfupi kuliko mpya kwa sentimita 6 hivi.

Dawa ni mipira minne ya kipimo kimoja, iliyochakaa sawasawa. Mpira wa akiba ukiwa tofauti, heri ufungwe mbele, hata kama uliotoboka ni wa nyuma: mmoja wa mbele huhamishiwa nyuma. Kisha shofere atoe 4x4 na aende polepole hadi kwa fundi.

Kabla ya kulipa, kamba moja inatosha: izungushwe kwenye mpira unaouzwa, kisha kwenye ule wa motokari. Urefu ukitofautiana, bei nafuu hiyo italipwa tena njiani.