Mstari Safi wa ECG si Lazima Uwe wa Kweli

Katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, baridi ya Juni na Julai huingia hata katika chumba cha vipimo. Mgonjwa aliyevua nguo ya juu ili apimwe umeme wa moyo hutetemeka, nayo misuli inayotetemeka hutoa umeme wake yenyewe. Mstari wa ECG hujaa miiba midogo, na mhudumu hushawishika kubonyeza kitufe cha kichujio.

Kichujio ni sakiti inayopitisha mawimbi ya masafa fulani na kuyazuia mengine. Katika kichujio cha analojia, rezista na kapasita hufanya kazi pamoja na kikuza ishara, na thamani zake ndizo zinazoweka mpaka. Rezista ya megaomu 3.2 ikiunganishwa na kapasita ya mikrofaradi 1, mpaka wa chini huwa takriban hezi 0.05. Ukinzani ukipunguzwa mara kumi, mpaka hupanda hadi hezi 0.5.

Badiliko hilo lina uzito kitabibu. Mpaka wa 0.05 hulinda umbo la sehemu ya ST, inayosaidia kutambua shambulio la moyo. Kwenye 0.5 mstari hauyumbi sana kwa pumzi, lakini kichujio cha analojia chaweza kuipinda ST, kikaonyesha ugonjwa usiokuwapo au kikaficha uliopo. Kwa upande wa juu, mtu mzima huhitaji hezi 150, na mtoto 250. Mpaka ukishushwa hadi 40, miiba ya misuli na mwingilio wa umeme wa gridi wa hezi 50 hupungua, lakini vilele vya QRS navyo hufupishwa.

Kwa hiyo blanketi litangulie kitufe. Mgonjwa afunikwe, mikono yake ilegezwe, ngozi isafishwe, na nyaya za mashine ziwekwe mbali na nyaya za umeme. Kisha kipimo kirudiwe. Ikibidi kichujio kitumike, mpaka uliotumika usomeke kwenye karatasi, hasa picha inapotumwa kwa daktari aliye mbali. Kubadili rezista ndani ya mashine ni kazi ya fundi wa vifaa tiba.

Mgonjwa naye asione haya kusema kwamba anahisi baridi. Kauli hiyo fupi yaweza kumwepusha na tiba isiyo yake, au kumwahisha kwenye ile anayoihitaji.