"Usawa" na "Usawazishaji": Istilahi za Ajira katika Mikataba ya Serikali

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, kazi ya mfasiri imeongezeka uzito. Neno lililoteuliwa vibaya haliudhi sikio tu. Laweza kumnyima mtu haki yake. Makala haya yanaeleza istilahi zinazohusu wajibu wa mwajiri aliyepewa kazi na Serikali: kuajiri bila ubaguzi, na kuwafungulia njia waliozoea kuachwa nyuma.

Nchini Kanada dhana hii ilipewa jina rasmi na Tume ya Jaji Rosalie Abella mwaka 1984. Tume ilitafuta jina jipya kwa kuwa lile lililotumika Marekani lilikwisha kuzua ubishi. Mwaka 1986 makampuni makubwa yaliyotaka mikataba ya serikali kuu yalianza kutakiwa kuahidi kuitekeleza. Hapa kwetu wajibu huo haukuwekwa juu ya wakandarasi wa Serikali peke yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka kila mwajiri akuze fursa sawa na ajitahidi kuondoa ubaguzi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Mkandarasi wa Serikali hana msamaha katika hayo.

Sasa tutazame maneno yenyewe.

(a) Usawa na usawazishaji. Tuseme mkandarasi amepewa zabuni ya barabara katika kata ya Ruaruke, wilaya ya Kibiti. Anabandika tangazo mjini Kibiti: "Nafasi ziko wazi kwa wote." Huo ni usawa wa maneno. Lakini mkazi wa kijijini ambaye tangazo halimfikii, au mwenye ulemavu asiyeweza kuingia katika ofisi ya usaili, amekwisha kuachwa nje pasipo mtu kumkataa. Kuondoa vizuizi hivyo ni tendo, nalo lahitaji jina la tendo. "Haki ya ajira" haifai, kwani humaanisha haki ya kupata kazi. "Insafu" ni neno zuri, ila hutaja zaidi tabia ya mtu. Yapendekezwa "usawazishaji wa fursa za ajira". Kitenzi "sawazisha" chajulikana na kila fundi, nacho chadai mtendaji: lazima tuulize ni nani anayesawazisha.

(b) Upendeleo. Neno hili hubeba maana mbili zinazopingana: kumpa ndugu kazi asiyostahili, na hatua halali ya kuwainua walioachwa nyuma. Sheria ya 2004 hukataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwamo jinsia, ulemavu, kabila na mahali mtu alikotoka. Lakini hutamka pia kwamba hatua za kukuza usawa si ubaguzi. Kwa maana ya pili afadhali tuandike "hatua za usawazishaji", ili "upendeleo" libaki na lawama yake.

(c) Mgawo wa zabuni. Taratibu za ununuzi wa umma hutenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mgawo huo wahusu nani apewe zabuni. Usawazishaji wahusu nani aajiriwe na aliyepewa. Kikundi cha vijana kilichopata zabuni chaweza chenyewe kuwabagua wanawake. Mfasiri asiyachanganye haya.

(d) Masharti ya kazi. Mkataba Na. 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, wataka mikataba ya umma iwe na vipengele vinavyolinda ujira na saa za kazi. Tukiviita "masharti ya kazi" tu, msomaji atadhani ni makubaliano ya mwajiri na mfanyakazi. Tuseme "vipengele vya kulinda wafanyakazi".

Waandishi wa zabuni na mikataba hawana budi kumtaja mtendaji wa kila wajibu. "Usawa utazingatiwa" ni sentensi isiyo na mwenyewe. "Mkandarasi atasawazisha fursa za ajira", ikifuatwa na orodha ya mambo atakayoyafanya, humpa hata kibarua mahali pa kushika anapodai haki yake.