Moyo wangu na udongo wa Mama

Waliosikiliza kipindi kilichopita walinisikia nikitaja kovu langu la kifuani kwa sekunde kumi hivi, kisha nikabadilisha mada mbio mbio. Wengi mmeniandikia kuuliza. Basi leo naeleza vizuri, kwa maandishi, maana mambo mengine ukiyasema mbele ya maikrofoni sauti inakuangusha.

Nilizaliwa na kasoro ya moyo inayoitwa tetralojia ya Fallot. Nilipasuliwa nikiwa na miezi saba, hapa hapa Uingereza, na sasa nina miaka 26. Napanda ngazi, nacheza harusini, nachelewa kazini kama watu wengine. Mara moja kwa mwaka naenda kliniki ya moyo wapime vali yangu, basi. Kovu linaanzia chini ya shingo, na nikivaa dera lenye shingo pana linaonekana.

Nyumbani kwetu halikuzungumzwa. Likitajwa, Mama alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni. Sababu niliijua mwaka jana, dadangu alipopata mimba. Tulikuwa mezani, dada akauliza, "Mama, na wangu anaweza kuwa hivi?" Mama akajibu bila kuinua macho, "Wewe usile udongo tu." Sisi tukacheka. Yeye hakucheka.

Kwa wasioujua: ni ule udongo wa vijiwe ambao wajawazito wengi kwetu huutamani. Sokoni Mombasa unauzwa waziwazi, na hata huku unaupata kwenye maduka ya Waafrika. Mama alipobeba mimba yangu alikuwa mgeni nchi hii, baridi imemkaba, hamu ikamshika. Khala akamletea mfuko mzima, umefungwa ndani ya leso. Halafu mimi nikazaliwa midomo ina rangi ya zambarau. Na mtu mmoja wa ukoo, kwenye simu, akasema, "Si alikuwa akila udongo." Neno moja tu. Mama amelibeba miaka 26.

Nilimuuliza, "Udongo ulianza kula lini?"

"Mwezi wa nne. Kabla ya hapo hata maji yalikuwa hayakai tumboni."

Nikachukua karatasi, nikamchorea kalenda. Naiweka hapa pia, kwa sababu nadhani si Mama peke yake anayeihitaji.

Wiki ya tatu (tunahesabu tangu mbegu na yai vilipokutana). Mtoto bado ni kitu kidogo kama punje. Seli zitakazokuwa moyo zinajikusanya upande wa kichwani, zimejipanga kama hilali. Hizo zinatengeneza mirija miwili, na mirija hiyo inaungana kuwa mmoja. Kama siku ya 22 hivi, mrija unaanza kupiga. Hauna vyumba, hauna vali, lakini unapiga. Mama wakati huo labda anajiuliza tu kama siku zake zimechelewa.

Wiki ya nne. Mrija unarefuka, kwa sababu seli mpya zinajiunga kwenye ncha zake zote mbili. Ukirefuka unajikunja kuelekea kulia, na kujikunja huko ndiko kunakoviweka vyumba vya moyo mahali pake. Ukijikunja vibaya, vyumba na mishipa havikutani inavyotakiwa.

Wiki ya nne hadi ya nane. Sasa ni kazi ya kujenga kuta. Moyo uliokuwa mrija mmoja unagawanywa kuwa vyumba vinne. Na njia moja ya kutokea damu inagawanywa kuwa mbili: aota, inayopeleka damu mwilini, na mshipa unaoipeleka mapafuni. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda. Kiambaza kinachogawa njia hiyo hakijengwi na seli za moyo peke yake. Kuna seli zinazotoka mgongoni, pale ubongo na uti wa mgongo vinapoanza kuumbika, zinasafiri mpaka kifuani kusaidia kujenga. Yaani katika moyo wako kuna wahamiaji. Nilipomwambia Mama hivyo alitabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile.

Hapo ndipo langu lilipotokea. Kiambaza kile kilikaa mbele kidogo kuliko kinavyopaswa. Ni hilo tu. Lakini angalia linavyoleta mengine. Kikisogea mbele, njia ya mapafuni inabanwa: kasoro ya kwanza. Hakikufikia ukuta wa chini wa moyo, kwa hiyo tundu limebaki kati ya vyumba viwili vya chini: ya pili. Aota imejikuta juu ya lile tundu, inapokea damu ya pande zote mbili: ya tatu. Na chumba cha chini cha kulia, kwa kuwa kinasukuma damu penye njia nyembamba, misuli yake inanenepa: ya nne. Nne zote hizo zimetoka kwenye hatua moja iliyokwenda upande. Midomo ilikuwa ya zambarau kwa sababu damu isiyopita mapafuni, isiyo na oksijeni ya kutosha, ilikuwa inaingia moja kwa moja mwilini.

Ikifika mwisho wa wiki ya nane, ramani ya moyo imekamilika. Hospitali huhesabu mimba tangu hedhi ya mwisho, kwa hiyo wao wataita wiki ya kumi. Kinachobaki ni moyo kukua. Mwezi wa nne haujaingia.

"Mama," nikamwambia, "udongo wako ulikuta nyumba imeshajengwa."

Akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali la haki kabisa: "Basi nani aliyekisogeza hicho kiambaza?"

Seli hupokea amri kutoka kwenye jeni. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba nzi wa matunda akikosa jeni moja, moyo wake haufanyiki kabisa. Jeni hiyo waliiita tinman, kwa jina la yule mtu wa bati katika hadithi ya Oz, asiyekuwa na moyo. Sisi binadamu tuna ndugu yake, inaitwa NKX2-5, na mwaka 1998 ilithibitishwa kwamba ikiharibika watu huzaliwa na matundu moyoni. Wengine wenye tetralojia kama mimi wamekosa kipande kidogo cha kromosomu namba 22. Mimi nilipimwa, ninacho. Kwa wengi wetu hakupatikani kitu kimoja cha kukinyooshea kidole. Ni jeni nyingi, seli nyingi, na wiki chache zenye kazi nyingi mno. Karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, kwa matajiri na kwa maskini.

Sisemi kwamba hakuna linalodhuru. Kisukari kisichodhibitiwa, rubela, pombe na baadhi ya dawa vinaweza kuugusa moyo katika wiki hizo za mwanzo. Ndiyo maana mwenye kisukari au anayetumia dawa za kila siku anashauriwa amwone daktari kabla ya kubeba mimba. Na udongo wenyewe siutetei: unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo. Dada hakuula. Lakini si udongo uliosogeza kiambaza changu.

Nikamwonyesha na jambo jingine. Daktari Mfaransa aitwaye Fallot aliziandika kasoro hizi nne pamoja mwaka 1888, na kwa miaka zaidi ya hamsini baadaye madaktari hawakuwa na la kuwafanyia watoto hawa. Novemba 1944, kule Baltimore, Marekani, daktari wa watoto Helen Taussig na mpasuaji Alfred Blalock walimfanyia mtoto wa kwanza upasuaji wa kuipeleka damu zaidi mapafuni. Nyuma ya Blalock, juu ya kigoda, alisimama Vivien Thomas akimwelekeza. Thomas alikuwa fundi wa maabara, Mwamerika Mweusi asiyekuwa na shahada, na ndiye aliyeujaribu upasuaji ule kwa mbwa mpaka ukakubali. Mwaka 1954, kule Minnesota, tetralojia ikarekebishwa kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza. Ningezaliwa miaka mia moja kabla, lile neno la kwenye simu lingesemwa kwenye matanga.

Dada alipigwa picha ya moyo wa mtoto mimba ilipofika wiki ya 20. Vyumba vinne, mishipa miwili, kila kitu mahali pake. Mimi nikija kuzaa, uwezekano wangu uko juu kidogo kuliko wa watu wengine, kama watoto 3 hadi 5 katika kila 100. Nami nitapigwa picha hiyo hiyo. Nimeshaizoea hesabu hiyo.

Sasa nawaomba mambo mawili. La kwanza: mkiwa na ndugu nyumbani mwenye mtoto anayechoka akinyonya, asiyeongezeka uzito, au anayechutama ghafla katikati ya mchezo ili apate pumzi, waambieni wamwangalie ulimi na fizi. Kwenye ngozi zetu zambarau huonekana huko kuliko usoni. Kisha wampeleke hospitali, wasingoje akue. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hupasua mioyo ya watoto, kwa hiyo si lazima kila safari iwe ya India.

La pili: mtoto akizaliwa na kasoro, msimuulize mama yake alikula nini.

Mama amenipa ruhusa ya kuandika haya yote, kwa sharti moja: nisimtaje aliyesema lile neno kwenye simu. "Ni mtu mzima sasa," akasema, "na yeye hakuwa na kalenda." Karatasi ile ameikunja, ameiweka kwenye mkoba wake pamoja na pasipoti. Na wiki iliyopita, mbele ya wageni, nilivaa dera langu la shingo pana. Mama hakwenda jikoni.